Umra peke yangu bila mahram, kuna dada wa Uganda ameshaenda hivo?

Bint Arua

Assalam alaykum ndugu zangu. Niko na swali na naomba munijibu vizuri bila kunigombeza manake nyumbani nimeshagombezwa ya kutosha. Mimi ni mjane, miaka 38, niko Arua nauza vitenge na mashuka sokoni. Mume wangu alifariki kitambo, idda nilimaliza zamani kwa hio mtu asianze na hio. Watoto wawili, wa kike yuko sekondari, wa kiume yuko P.6. Baba marehemu. Kaka niko naye mmoja tu, anafanya kazi Juba, hawezi kuacha kazi na hata angeweza, nikimlipia yeye tiketi na viza na hoteli pesa imekwisha, yeye ataona Kaaba mimi nitabaki hapa na vitenge vyangu.

Pesa nimeweka kidogo kidogo kwa sako, chama cha akiba cha wanawake wa soko, na sasa imefika kama milioni nane. Nataka Umra tu, Hajj najua bei yake iko mbali na mimi. Nikashuka Kampala kwa ajenti mmoja, kitu cha kwanza ananiuliza mahram wako, yaani mume ama ndugu wa kiume asiyeweza kukuoa, ni nani, nikamwambia sina, akasema hakuna shida hajati ongeza kidogo tutakutafutia mtu kwenye kundi tuandike ni mjomba wako. Mimi nikanyamaza. Yaani natoka nyumbani naenda kuomba toba alafu safari inaanza na uongo kwenye karatasi? Nikabeba paspoti yangu nikatoka.

Sasa binti wa jirani ananionyesha kwa simu eti Saudia wenyewe walishaondoa hio sheria ya mahram, mwanamke anaenda mwenyewe, hata viza anaomba mwenyewe. Kaka yangu anasema hata kama Saudia wameondoa, Mtume hajaondoa. Mama mkwe wangu yeye ana lake, anasema mwanamke akienda Saudia peke yake mtaa mzima utasema ameenda kufanya ukadama, kazi za ndani kwa watu.

Kuna mtu ameenda hivo kweli? Ni halali ama si halali kwa sisi Mashafi, tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafi? Na huko mtu anajipangaje mwenyewe bila kiongozi wa kundi, mimi Kiarabu changu ni cha kuswalia tu, na Kinubi.

Mpita Njia wa Kisenyi

Wa alaykum salam dada. Upande wa serikali ya Saudia jirani yako amesema kweli. Ilikuwa Oktoba 2022, Waziri wa Hajj na Umra, Tawfiq al-Rabiah, alitangaza akiwa Cairo kwamba mwanamke kutoka nchi yoyote hahitaji tena mahram kwa Hajj wala Umra. Kabla ya hapo mwaka 2021 walikuwa wameanza kuruhusu wanawake wa ndani ya Saudia kujiandikisha Hajj bila mahram wakiwa kundi la wanawake. Na zamani zaidi ilikuwa ukifika miaka 45 unaruhusiwa na kundi ukileta barua ya mahram kwamba hana pingamizi. Sasa maajenti wengine bado wanatembea na sheria ya kale, wengine hawajui, wengine wanajua sana ila hio ya "mjomba" inawaingizia pesa.

Hajati wa Bombo

Huyo mjomba wa karatasi mimi nilikuwa naye! Miaka ile ya nyuma, nilipewa mtu wa Masaka sijawahi kumuona maishani, kwenye viza yeye ndio mahram wangu, tulipofika Jeddah akaenda zake na mabegi yake na mimi sikumuona tena mpaka siku ya kurudi. Sasa niambieni huyo alinilinda na nini? Wanaosema sheria ya zamani ilikuwa inalinda wanawake waje waulize sisi tuliosafiri nayo. Wanawake waliokuwa na mume au baba walilindwa, sisi wengine tulilindwa na wanawake wenzetu chumbani.

Mwanangu Bint Arua, mimi nimeenda kabla ya mabadiliko na nimeenda baada ya mabadiliko, hii ya pili na dada yangu mdogo bila mwanaume yeyote, na nakuambia pale uwanja wa ndege Jeddah hakuna aliyetuuliza mahram. Wanachukua picha na alama za vidole, wanagonga mhuri, karibu. Kama unavaa nikabu kuna wanawake wa kukuangalia uso. Hio tu.

Viza sasa. Kuna njia mbili, ya kwanza ajenti wa Kampala, na si wote wabaya, kuna waaminifu sana, ila mwambie wazi unataka viza ya umra bila mahram na akitaja mjomba ondoka kama ulivyofanya. Ya pili ni jukwaa lao wenyewe linaitwa Nusuk, na kuanzia Agosti 2025 wamefungua sehemu ya Nusuk Umrah ambapo mtu aliye nje anaomba mwenyewe viza na hoteli na usafiri bila kupita kwa ajenti. Unahitaji mtu anayejua simu na kadi ya benki inayolipa nje, hapo ndio wengi wa kwetu tunakwama. Viza ya umra inakupa mpaka siku 90 ndani, na uko huru kwenda Makka, Madina, hata miji mingine.

Ila angalia kalenda. Msimu wa Hajj ukikaribia wanafunga mlango wa umra. Mwaka 2025 mwisho wa kuingia na viza ya umra ilikuwa 13 Aprili na mwisho wa kutoka 29 Aprili. Kila mwaka inasogea na mwezi mwandamo. Na Ramadhani, haswa kumi la mwisho, hoteli za karibu na Haram, msikiti wa Makka, bei yake usiiulize hata, milioni zako nane zitaishia mbali kule Aziziyah. Nenda miezi ya katikati, Safar ama Jumada, utaswali kwa nafasi na chumba utapata Misfalah ama Ajyad unatembea kwa mguu.

Abu Salaf 256

Nashangaa watu wanahangaika na waziri. Hadithi iko Bukhari na Muslim, kutoka kwa Ibn Abbas, mwanamke asisafiri ila na mahram. Akasimama mtu akasema ewe Mtume mke wangu ametoka kwenda Hajj na mimi nimeandikwa kwenye vita kadha, akaambiwa nenda ukahiji na mkeo. Mtu aliondolewa JIHADINI amfuate mke wake! Sasa dada vitenge vyako na sako yako si hoja. Asiye na mahram hana wajibu, akae nyumbani ana udhuru. Wanachuoni wa Saudia Ibn Baz na Ibn Uthaymin wote wamesema hivyo.

Ostazi wa Jinja

Bismillah. Kijana wetu Abu Salaf hadithi uliyoleta ni sahihi hakuna anayeikataa, na msimamo wa Mahanbali na Mahanafi uko hivyo hivyo ulivyosema. Lakini dada ameuliza kwa sisi Mashafi, na sisi kwetu Uganda na pwani yote ya Afrika Mashariki ndio madhehebu tuliyolelewa nayo, kwa hio tumjibu alichouliza.

Katika Shafi, kwa safari ya ibada ya faradhi, mwanamke akipata kundi la wanawake waaminifu, wajibu unamwangukia hata bila mahram. Wakienda na mwanamke mmoja tu mwaminifu inajuzu, na wanachuoni wetu wamesema hata peke yake inajuzu kama ana uhakika wa usalama wa njia, ila hapo halazimiki. Malik naye anakubali wenzi wa kuaminika kwa faradhi. Sasa hapa kuna jambo watu wengi hawalijui: kwa Shafi Umra NI FARADHI mara moja katika maisha, kama Hajj. Kwa Hanafi na Malik ni sunna. Kwa hio dada ambaye hajawahi kwenda Umra, hii yake ya kwanza ni ya faradhi na inaingia kwenye ruhusa hio. Akirudi akataka ya pili na ya tatu, hizo ni sunna, na kauli inayotegemewa kwetu ni kwamba safari ya sunna haitoshi kundi la wanawake, atafute mahram. Kwa hio haki ya kaka yake ipo, ila si kwa hii.

Na dalili wanayotegemea wenye kuruhusu ni nini? Bukhari amepokea kwamba Umar katika Hajj yake ya mwisho aliwaruhusu wake za Mtume wahiji na akawatuma nao Uthman bin Affan na Abdulrahman bin Auf, na hao si mahram wao kwa nasaba wote. Na hadithi ya Adii bin Hatim, Mtume alimwambia ukiishi utamuona mwanamke anatoka Hira mpaka anatufu Kaaba hamuogopi yeyote ila Allah. Adii akasema nimeliona. Wanaopinga wanasema hio ni habari tu ya kitakachotokea, si ruhusa, na wenye kuruhusu wanasema imekuja kwa kusifu amani. Mjadala ni wa karne nyingi, hatuumalizi hapa jamvini.

Dada, nasaha yangu ni usiende pekepeke kama unaweza kupata hata mwanamke mmoja wa dini unayemwamini. Na kaka yako usimkate. Mpigie, muombe radhi yake, mwambie aongee na mimi kama anataka, atumie namba yake kwa ujumbe wa ndani.

Abu Salaf 256

Ostazi nakuheshimu lakini tunafuata dalili si madhehebu.

Hajati wa Bombo

Na wewe kijana ulishamlipia mwanamke yeyote wa ukoo wenu tiketi ya mahram wake? Ama dalili zako ni za kutuweka nyumbani tu.

Mama Pacha Mbale

😂😂 Hajati jamani. Mimi ni muuguzi, niliwahi kufanya kazi kwenye kliniki inayochanja wasafiri, nichangie upande wangu, mengine nawaachia maostazi.

Chanjo: ile ya homa ya uti wa mgongo ya ACYW ni lazima, upate si chini ya siku 10 kabla ya kufika, na cheti chake kinakubalika miaka 3 au 5 kutegemea aina uliyochanjwa, uliza waandike vizuri. Homa ya manjano pia wanataka kwa mtu anayetoka Uganda, ile kadi yetu ya njano, na hio ukichanjwa mara moja ni ya maisha. Msinunue kadi mtaani, mtu anakuuzia kadi bila sindano alafu unaenda kusimama kwenye umati wa dunia nzima bila kinga, hio ni hasara yako si yao.

Alafu jambo ambalo wanawake tunauliza kwa kunong'ona. Hedhi. Tuseme wazi tu. Mtume alimwambia Aisha alipopata hedhi njiani, fanya yote anayofanya mwenye kuhiji ila usitufu, yaani usizunguke Kaaba, mpaka utoharike. Kwa hio hedhi haikuzuii kuingia ihram, ile hali ya ibada, pale mikati, mpaka wa kuinuilia, unaoga, unanuia, unaleta talbiya, unakaa na ihram yako hotelini ukisubiri. Ukitoharika unaoga unaenda kutufu. Tatizo ni kama tiketi yako ni fupi. Ndio maana nashauri uhesabu siku zako kabla ya kukata tiketi, si baada. Vidonge vya kuchelewesha vipo na wanawake wengi wanatumia lakini usinunue tu famasi kama Panadol, nenda kwa daktari, haswa kama una presha ama umewahi kuganda damu mguuni, na vinaanzwa kabla ya siku kufika, ukishaona damu umechelewa.

Na ukinuia, Shafi wanakubali uweke sharti, kama Dubaa bint Zubair alivyofundishwa na Mtume akiwa mgonjwa, useme ukizuiliwa basi hapo ndio mwisho wa ihram yako. Ostazi anirekebishe.

Ostazi wa Jinja

Uko sawa kabisa mama, Allah akulipe. Sharti liwe pamoja na nia, si baadaye.

Bint Arua

Nimesoma yote mpaka machozi, Allah awalipe. Ostazi nitakutumia namba ya kaka. Mambo ya Umra kuwa faradhi kwetu sikuwahi kuambiwa hata siku moja, na madrasa nimesoma.

Sasa mimi woga wangu uko Entebbe hata kabla ya Makka. Kuna wasichana wa huku wamezuiwa pale airport wakiambiwa mnaenda kyeyo, vibarua vya nje, na wengine kweli walikuwa wanaenda kyeyo na viza ya kutembea. Mimi mwanamke peke yangu, kutoka Arua, nasema naenda Saudia, si watanirudisha?

Dereva wa Entebbe

Dada mimi nabeba abiria pale kila siku. Watu wa uhamiaji wanauliza, hilo usidanganywe kwamba hawaulizi, na wana sababu, wasichana wetu wengi wameuzwa kwa njia hio. Mtu anaambiwa ni umra, akifika anapokelewa na mtu asiyemjua, paspoti inachukuliwa, anaingizwa jikoni kwa watu. Kwa hio wakikuuliza usichukie. Uwe na viza ya umra imechapishwa, tiketi ya kwenda NA KURUDI, karatasi ya hoteli Makka na Madina yenye jina lako, kadi ya njano mkononi. Ujibu kwa kifupi, narudi tarehe fulani, niko na biashara Arua, ukiwa na leseni ya biashara ama barua ya sako beba pia. Anayeenda kazi kihalali anapita kwa kampuni yenye leseni ya wizara ya kazi na karatasi zake ni zingine kabisa, kwa hio wakiona zako ni za ibada na unarudi wanakuachia.

Na mtu yeyote akikupa umra ya bure, ama nusu bei alafu "utanilipa ukifika", kimbia. KIMBIA.

Mpita Njia wa Kisenyi

Hio ya mwisho iandikwe kwa wino mwekundu.

Nyongeza: wengi tunapita Addis na Ethiopian, wengine Doha ama Dubai. Hii inagusa mikati yako. Ukija kutoka Dubai ama Doha kwenda Jeddah unatokea mashariki, ndege inapita upande wa Qarn al-Manazil, karibu na Taif. Ukija kutoka Addis unatokea kusini na watu wanashika Yalamlam. Rubani huwa anatangaza lakini wewe usisubiri tangazo, vaa na ujitayarishe kabla, nia uweke wakitangaza ama mapema kidogo kwa tahadhari. Mwanamke hana shuka mbili, nguo zako za kawaida za stara zinatosha, rangi yoyote, ila nikabu na glavu hapana ukiwa ndani ya ihram.

Hajati wa Bombo

Ama ufanye kama mimi ninavyopenda, uanze Madina. Uruke mpaka Madina ama Jeddah ukachukue treni, kaa siku zako kwa Mtume, swali, pumzika, mwili uzoee joto, alafu ukienda Makka unaingia ihram pale Abyar Ali, Dhul-Hulaifa, mikati ya Madina, ardhini, kwa utulivu, na bafu zipo. Kwenye choo cha ndege kuoga na kubadilisha nguo ni mateso. Na kama siku zako za hedhi zinakuja mwanzoni mwa safari, Madina ndio pa kuzimalizia.

Treni ya Haramain ni ya 2018, inapita Makka, Jeddah, uwanja wa ndege wa Jeddah, mpaka Madina, kilomita 450 unamaliza kwa masaa mawili na kidogo, mimi nilikuwa na karanga zangu hata sijamaliza. Na wenye kuendesha baadhi ni wanawake wa Saudia wenyewe, wameanza 2023. Stesheni ya Makka haiko pale Haram, iko Rusaifah, unachukua basi ama teksi. Teksi tumia za kwenye simu, Uber ama Careem, bei unaiona kabla, usiingie gari la mtu anayekuita "hajja hajja" nje ya geti.

Laini ya simu nunua pale pale uwanja wa ndege, STC ama Mobily ama Zain, wanachukua paspoti na kidole. Bila Nusuk huingii Rawdha, ile sehemu kati ya kaburi la Mtume na mimbari yake msikitini Madina. Rawdha ni kwa miadi tu siku hizi, unaweka kwenye simu ni bure, wanawake tuna saa zetu za asubuhi na za usiku na milango yetu. Weka miadi mapema ukiwa bado huku kama viza imeshatoka manake nafasi zinaisha. Kuna watu watakuuzia miadi, usinunue, ni bure nimesema.

Kwenye tawafu usiende kupigania Hajar Aswad, lile jiwe jeusi la Kaaba. Wanaume wanasukumana pale utadhani taksi ya mwisho Old Park pale Kampala. Ishara ya mkono inatosha ukifika usawa wa taa ya kijani, Allahu akbar, endelea. Nenda baada ya isha sana ama asubuhi baada ya jua kuchomoza. Kama chini kumejaa panda juu, mzunguko ni mrefu lakini hakuna anayekukanyaga. Kwenye sai, kwenda na kurudi Safa na Marwa, kati ya zile taa za kijani wanaume wanakimbia, sisi tunatembea, usikubali mtu akusukume ukimbie. Mwisho unakata ncha ya nywele kiasi cha ncha ya kidole, unajikatia mwenyewe chumbani ama mwenzio. Mkasi uweke kwenye begi kubwa, ule wa begi la mkononi wanautoa.

Chukua picha ya mlango wa hoteli yako na kadi yao yenye Kiarabu, ukipotea unaonyesha tu. Na jioni ya kwanza usitoke peke yako mbali, zunguka karibu ujue milango, ule wa King Abdulaziz unatazama mnara wa saa, hapo hata mtoto hapotei.

Nana K

Na kusumbuliwa je? Hajati sema ukweli, mimi nasikia hata kwenye tawafu kuna wanaume wanagusa.

Hajati wa Bombo

Ipo. Sitaficha. Umati ni umati na si wote waliokuja wamekuja na moyo. Ukihisi mkono piga kelele, usione haya, kelele pale inafanya kazi manake askari wako kila kona na kuna askari wanawake. Saudia wana sheria ya kusumbua watu tangu 2018, mtu anaweza kufungwa mpaka miaka mitano na faini mpaka riyali laki tatu. Namba ya dharura ni 911, Makka na Madina inafanya kazi. Mimi natufu karibu na kundi la wanawake wa Indonesia, wanatembea wameshikana wote nguo moja, unajiingiza pembeni yao wanakutabasamia tu.

Abu Salaf 256

Hajati hilo la kugusa ndio hikma ya mahram sasa.

Nana K

Kaka, waliogusa ndio waambiwe wakae nyumbani.

Ostazi wa Jinja

Tupunguze ndugu zangu. Bint Arua, kaka yako tumeongea jana usiku karibu saa nzima. Si mtu mbaya, ana hofu, na hofu yake kubwa ilikuwa ni hio ya kuuzwa si fiqhi. Nimemsomea maneno ya Nawawi, mwanachuoni wetu mkubwa wa Shafi, amesema atakubali kwa sharti moja, usiende pekepeke, uende na mwanamke anayejulikana na familia yake inajulikana.

Bint Arua

Allahu akbar. Amenipigia pia asubuhi, ameanza kwa kunigombeza alafu mwishoni ananiambia nimletee zamzam 😅 Mama mkwe bado hasemi kitu.

Sasa natafuta mwenzi. Mwanamke, mtu wa swala, anayeweza kulipa zake mwenyewe, tugawane chumba. Napanga baada ya mauzo ya Idd. Pesa nitabeba dola nibadilishe kule, naona wanasema dola moja ni riyali 3.75 haipandi haishuki.

Mama Yumbe

Salam dada, mimi nimekuwa nasoma kimya kimya tangu juzi. Niko Yumbe, mwalimu wa primari, miaka 51, mume wangu ni mzee mgonjwa hawezi safari lakini radhi yake ninayo, amesema niende nimuombee. Kwetu na kwako si mbali. Pesa yangu ipo, sikuwa na mtu tu. Naweza kushuka Arua Jumamosi nije dukani kwako unione na mimi nikuone, nije na dada yangu.

Bint Arua

Mama karibu sana sana! Ingia sokoni uulize vitenge vya mjane wa mwalimu, watakuleta. Njoo kabla ya adhuhuri tule pamoja. Kaka atataka kuongea na mzee wako pia kwa simu, usichukie.

Mama Yumbe

Sichukii, mimi pia wanangu watataka kukuona. Ila kitu kimoja, paspoti yangu inaisha mwezi wa saba, itatosha?

Mpita Njia wa Kisenyi

Haitoshi mama. Wanataka iwe na miezi sita mbele ukisafiri. Anza kuomba mpya kwenye mtandao sasa hivi, ada ya kawaida ni 250,000, na ukifika kwenye miadi chagua ofisi ya mkoa iliyo karibu nawe, Kyambogo kule Kampala ni mbali na wewe bure. Beba ile ya zamani na kitambulisho cha taifa.